Regina wa Once Upon a Time: Kwa Nini Alimchukia Snow White na Si Mamake?

Kama ushawahi kaa na wasee wamemaliza Once Upon a Time, unajua hiyo stori huwa haiishi. Series yenyewe ilifika mwisho Mei 2018, lakini wewe taja tu jina Regina na utaona vile watu wanagawanyika. Kuna wale watakuambia huyo dame alionewa tangu akiwa msichana. Kuna wale watakuuliza kwani kuonewa ni leseni ya kuchoma vijiji. Halafu kuna yule mmoja hukaa kando akingoja mnyamaze, ndio awaambie mnabishania mtu asiye. Adui mwenyewe, kulingana na huyo, ni Rumplestiltskin.

Hapa tunakuwekea rada ya hiyo beef yote: ilitoka wapi, nani anasema nini, na ni episodi gani kila upande hushikilia. Siri za mpaka msimu wa mwisho zinamwagwa humu, so kama bado uko msimu wa kwanza, jipange.

Series yenyewe

Ilianza kuonyeshwa kwa stesheni ya ABC huko Marekani tarehe 23 Oktoba 2011. Waliotunga ni Edward Kitsis na Adam Horowitz, wasee ambao kabla ya hapo walikuwa kwa waandishi wa Lost. Ilienda misimu 7, episodi 155. Mji wa Storybrooke unafaa kuwa jimbo la Maine, lakini ile barabara yenye maduka unayoiona iko Steveston, Canada, karibu na Vancouver.

Stori iko hivi. Malkia Mwovu, yule wa kioo na tofaa la sumu, anaroga nchi nzima ya ngano na kuihamishia kwa ulimwengu wetu, mahali hakuna uchawi. Kila mtu anasahau yeye ni nani. Snow White anakuwa mwalimu, Prince Charming analala hospitali bila fahamu, na saa ya mnara imekwama kwa miaka 28. Mtu mmoja alihepa hiyo laana akiwa mtoto mchanga: Emma Swan, binti ya Snow na Charming. Sasa Henry, kijana wa miaka 10 ambaye Emma alimzaa akampeana, anampigia mlango huko Boston na kumwambia twende nyumbani. Mama aliyemlea Henry? Meya wa Storybrooke, Regina Mills. Malkia mwenyewe.

Regina anachezwa na Lana Parrilla, na lazima tuseme ukweli, nusu ya hii debate ipo kwa sababu yake. Angepewa mtu wa kucheka tu kama mchawi wa katuni, hakuna mtu angekuwa anamtetea. Mafans wake wana jina kabisa, wanajiita Evil Regals.

Na kumbuka huyu malkia alikotoka hakuwa na maelezo yoyote. Ndugu wa Grimm walipochapisha ngano yao ya Snow White mwaka 1812, sababu yake ilikuwa moja: wivu wa urembo. Kioo kimesema kuna msupa kukuliko, basi mtoto auawe. Tena katika toleo hilo la kwanza aliyetaka kumuua mtoto alikuwa mama mzazi. Kuja baadaye ndio wakambadilisha kuwa mama wa kambo, pengine waliona hiyo ya mama mzazi imezidi. Ni kama zimwi wa hadithi zetu za jioni. Hakuna mtoto aliwahi kuuliza zimwi anakula watu kwa nini. Anakula kwa sababu ni zimwi. Once Upon a Time ilikataa hiyo. Ilishikilia kwamba ubaya hauzaliwi na mtu, unatengenezwa. Ukishasema hivyo, umewapa watu ruhusa ya kuuliza: sawa, ulitengenezwa na nani?

Siri ya zizini

Episodi ambayo kila mtu huitaja ni ya 18 msimu wa kwanza, The Stable Boy. Kama hujaicheki, hauko kwa hii mjadala.

Regina hapo ni msichana mpole, anapenda farasi na anampenda chali wa kutunza farasi, Daniel. Mathe wake, Cora, ni mchawi na anataka makuu. Siku moja Regina anaokoa mtoto ambaye farasi wake amekimbia bila kudhibitika. Huyo mtoto ni Snow White. Budake, Mfalme Leopold, ni mjane, na kwa shukrani anakuja kumposa Regina palepale. Kabla Regina afungue mdomo, Cora ashakubali kwa niaba yake.

Regina na Daniel wanapanga kuhepa. Snow anawafumania, anaelezwa kila kitu, anaapa hatasema. Halafu Cora anamkalia huyo mtoto vizuri, anaongea kwa upole kuhusu vile anaogopa kumpoteza binti yake. Snow mamake amekufa. Maneno ya mama na binti yanamgonga pale pale, na siri inatoka. Usiku huo Cora anakuja zizini, anajifanya amekubali, anang'oa moyo wa Daniel na kuusaga kwa mkono Regina akiangalia.

Kutoka siku hiyo Regina anamchukia Snow.

Sasa ngoja. Aliyeua ni Cora. Aliyelazimisha ndoa ni Cora. Hata farasi kukimbia haikuwa ajali, na Regina mwenyewe anang'amua hivyo mwisho wa hiyo episodi. Snow alikuwa mtoto aliyedanganywa na mtu mzima. Upande wa wanaompinga Regina husimama hapa na hawatoki: vita vyote vile, miaka yote ile, kwa sababu mtoto hakuweza kufunga mdomo?

Kuna kitu watu husahau hapa, na kinabadilisha hesabu. Snow hakujua. Regina alimwambia Daniel alitoroka tu, akatabasamu, wakakumbatiana. Snow anakuja kujua Daniel aliuawa wakati Regina anampeleka kaburini na tofaa mkononi, episodi ya 21. Kwa hivyo miaka yote Snow anawindwa porini, hajui kosa lake ni gani. Hakuwahi kupewa nafasi ya kuomba msamaha.

Wanaomtetea Regina wana majibu, na si mabaya. Wanasema chuki haiendi mahali inastahili, inaenda mahali inaweza. Cora alikuwa amemfunga Regina kwa uchawi hewani tangu utotoni kila akikataa amri. Mtu kama huyo humchukii, unamwogopa. Na bado unamtaka akupende. Snow alikuwa karibu, alikuwa dhaifu, na kila asubuhi alikuwa mezani kwa ile nyumba Regina hakutaka kuolewa ndani yake. Jiweke hapo: umeolewa na mzee bado anaomboleza bibi yake wa kwanza, na kazi yako ni kumlea yule mtoto aliyekukosesha chali wako. Haifanyi mauaji kuwa sawa. Lakini ukisema Regina alichukia Snow bure, hujaangalia hiyo nyumba.

Mambo ya Cora

Usiseme pia Regina hakumfanyia mamake chochote. Msimu wa pili, We Are Both, siku moja kabla ya harusi anamsukuma Cora kwa kioo cha uchawi hadi ulimwengu mwingine. Rumplestiltskin ndiye alimpa hicho kioo. Na baada ya hapo anakiri kitu ambacho mimi naona ndio ufunguo wa huyu mtu wote: uchawi aliutumia mara moja tu, na aliupenda. Hiyo ndiyo ilimtisha. Kwa hivyo wale husema hakuwa na uchaguzi, warudi hapo. Alikuwa amesimama njia panda akijua njia zote mbili.

Baadaye anamtuma Hook akamuue Cora. Cora anajifanya amekufa, mwili unaletwa, Regina anaulilia akiwa peke yake. Anamwambia maiti kwamba yeye ndiye alikuwa udhaifu wake. Cora anasikia kila neno.

Lakini utamu wa hii stori uko nyuma zaidi, msimu wa tatu, Bleeding Through. Cora alikuwa binti wa msaga unga, hana kitu. Kabla ya yote, mwanamume aliyejifanya mwana wa mfalme alimpa mimba akaenda. Cora akakutana na mwana wa mfalme wa ukweli, wakapendana, wakakubaliana kuoana. Huyo alikuwa Leopold. Ndiyo, Leopold yuleyule. Na aliyemharibia ni Eva, mwanamke aliyekuwa ameposewa Leopold kabla yake. Eva aligundua hiyo mimba akaenda akamwambia Leopold. Harusi ikafa. Cora akazaa na kumtupa mtoto msituni, na huyo mtoto ni Zelena, yule mchawi wa kijani anakuja kuwa ngori baadaye.

Eva ndiye mamake Snow White.

Unaona hiyo? Mama alifichua siri ya Cora, akamkosesha Leopold. Miaka ikapita, binti akafichua siri ya Regina, akamkosesha Daniel. Cora alimpeleka bintiye kwa kitanda cha Leopold kuchukua taji aliloona ni lake. Regina alikuwa analipishwa deni ambalo hakulikopa, na hakujua lipo. Kuna mafans hupinga hii, wanasema waandishi waliishonea baadaye ndio mambo yafanane. Inawezekana, maana msimu wa kwanza hakuna dalili ya Leopold na Cora kujuana hivyo. Lakini ishakuwa ndani ya stori, na inaeleza mbona Cora hakuona kama anamwonea binti yake. Kwa akili yake alikuwa anamrudishia.

Yule mzee wa mkataba

Sasa turudi kwa yule msee wa kukaa kando. Hoja yake ni nzito kuliko unavyodhani.

Rumplestiltskin, anayechezwa na Robert Carlyle, ndiye alitengeneza ile laana. Regina aliitumia tu. Na sababu yake haikuhusu Snow hata kidogo. Zamani alikuwa fundi maskini wa kusokota nyuzi, mwoga, anachekwa na kijiji kizima. Vita vya mazimwi vilikuwa vinakula watoi, wanachukuliwa na jeshi wakifika miaka 14, na mwanawe Baelfire alikuwa anakaribia. Ili amwokoe, aliua Dark One, mwenye nguvu za giza, na hizo nguvu zikamwingia yeye. Mtoto akaokoka, lakini baba akageuka. Baelfire akapata njia ya kumtoa: mbegu ya uchawi ya kufungua shimo la kwenda nchi isiyo na uchawi. Wakashikana mikono, shimo likafunguka. Rumple akaachilia mkono.

Hiyo ni The Return, episodi ya 19, wiki tatu baada ya The Stable Boy. Waandishi walijua wanafanya nini kuzipanga hivyo.

Laana yote, mji wote, miaka yote 28, ilikuwa baba anatafuta njia ya kufika alikoenda mtoto aliyemwachilia. Lakini kuitumia kulihitaji mtu ambaye yuko tayari kusaga moyo wa yule anampenda zaidi. Rumple hangeweza, maana wake alikuwa upande ule mwingine. Basi akatafuta msichana amevunjika na akahakikisha habaki na tumaini. Cheki episodi ya tano msimu wa pili, The Doctor. Regina alikuwa bado anaamini Daniel anaweza kufufuliwa. Rumple akapanga na Jefferson na daktari Frankenstein wamfanyie maonyesho ya kujaribu na kushindwa, ndio akubali amekufa kabisa. Walimchezea msiba wake.

Kwa hivyo alipofika kwa laana, Regina alijaribu kwanza na moyo wa farasi wake. Ikakataa. Akarudi kuuliza, akaelezwa ni nani anafaa. Babake, Henry, mzee mpole ambaye hakuwahi kumtetea mbele ya Cora lakini hakuwahi kumwacha pia. Alimuua wakiwa wamekumbatiana. Mtoto wake wa kulea alimpa jina la huyo mzee.

Ukiuliza ni nani aliandaa mazingira, ni Rumple. Ukiuliza mkono ulikuwa wa nani, ni wa Regina. Debate nyingi hukwama kwa sababu watu hawajakubaliana wanajibu swali gani kati ya hayo.

Na Rumple naye ana wake wa kulaumu. Msimu wa tatu inatokea kwamba Peter Pan, yule kijana wa Neverland, ni babake. Alimtupa mwanawe ndio abaki kijana milele. Bila shaka huyo ndiye adui pekee wa maana ambaye series hii haikumtafutia huruma, na Robbie Kay alimcheza kwa baridi ya kutisha. Hakulazimishwa na mtu. Alitaka tu kucheza.

Wale hawana episodi

Hapa ndipo mimi huwa nawaacha Evil Regals kidogo. Machozi ya Regina tumeyaona karibu kwa kamera. Ya wengine tunayaona kwa mbali.

Graham, yule mwindaji, alitumwa kumuua Snow akamhurumia, akaleta moyo wa paa. Regina akang'oa wake. Kutoka hapo alikuwa mali yake, kitandani pia, na huko Storybrooke hivyo hivyo miaka 28 bila kujua mbona hahisi kitu. Siku alipoanza kukumbuka, Regina aliusaga huo moyo. Series ilimzika na kusonga. Mafans hawajasonga, na wako sahihi. Hakuna jina lingine zuri la kile alifanyiwa.

Halafu kuna Kurt na mwanawe Owen, msimu wa pili, 1983, siku za kwanza za laana. Wao si wa ngano, ni watu wa kawaida walikuwa wamepiga kambi. Regina ashashinda, kila mtu anamtii, na ashachoka tayari, maana kutiiwa na watu hawana uchaguzi si kupendwa. Anamtaka huyo mtoto abaki. Baba anakataa, mtoto anafanikiwa kuhepa, baba anauawa. Hiyo haikuwa kisasi kwa Snow. Hakuna Daniel hapo. Ilikuwa tu mtu mpweke aliyezoea kuchukua. Ukitaka kumaliza ile hoja ya "alifanya yote kwa uchungu wa mapenzi", tumia hii.

Na Percival, msimu wa tano. Wanaenda Camelot, Regina anavishwa gauni, watu wanamshangilia kama mwokozi, na huyu askari anamwomba kucheza naye. Wakiwa katikati anamwambia anamjua. Alikuwa mtoto siku Malkia alipopita na kijiji chake kikateketea. Anachomoa upanga. Robin Hood anakatwa akimkinga Regina, na Percival anauawa na Charming, mkwe wa ufalme wenyewe ulioteswa. Muziki unaendelea kumhurumia Robin. Mtu pekee aliyekuja kudai watu wake alipewa dakika chache na maiti yake ikabebwa nje.

Alijuta?

Wengi huamini safari yake ya kubadilika ndiyo nzuri kuliko zote za hiyo series. Ilienda polepole, alirudi nyuma mara kadhaa, na ilimgharimu. Lakini kuna mahali huwa panazua zogo. Neverland, episodi ya Save Henry. Pan anawafunga Regina, Snow na Emma kwa mti unaoshika watu kwa majuto yao. Snow na Emma wamekwama. Regina anakata kamba. Anasema anafaa kuwa amejaa majuto, lakini hana, kwa sababu yote aliyofanya yalimpa Henry.

Ni sini kali, na mara ya kwanza utapiga makofi. Ya pili utafikiria Graham. Upande mmoja unasema hiyo ni mama anaongea, na mama yeyote angesema hivyo. Upande ule mwingine unasema basi hajabadilika, amepata tu kitu kipya cha kupenda kuliko watu wengine.

Msimu wa nne akaja na kesi nyingine: anamtafuta Mwandishi wa kile kitabu cha hadithi, amuulize mbona watu kama yeye hawapewi mwisho mwema. Inapatikana kwamba Mwandishi, Isaac, alikuwa anapindisha stori za watu makusudi. Wengine walishika hiyo kama ushindi. Kwangu ilikuwa njia ya mkato. Mwisho wa msimu wa tano ukaenda mbali zaidi, Regina na Malkia Mwovu wakawa watu wawili, kama kwamba ubaya ni koti unavua. Angalau waliisahihisha, Regina akakubali kugawana mapenzi na ubaya na nusu yake hiyo badala ya kuiua. Na mwisho kabisa, 2018, falme zote zinaunganishwa na wananchi wanampigia kura kuwa malkia. Snow ndiye anamvika taji.

Kama hauna muda wa episodi 155 lakini unataka kuingia kwa hii beef ukiwa na silaha, angalia hizi: The Thing You Love Most na The Heart Is a Lonely Hunter, halafu The Stable Boy na The Return mfululizo usiku mmoja. Msimu wa pili, We Are Both, The Doctor na Welcome to Storybrooke. Wa tatu, Save Henry na Bleeding Through. Wa tano, The Price, ile ya Percival, na hapo usiangalie Robin akianguka. Angalia uso wa Regina wakati huyo chali anamwambia alitoka kijiji gani, uone kama anakikumbuka.